Sharia, Fiqhi na Mila za Kwetu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila baada ya darsa, kila matanga yanapoanuliwa, na kila mirathi inapokwama. Majibu yanafuata zaidi madhehebu ya Imamu Shafii, kwa kuwa ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki. Khitilafu zimetajwa pale zinapogusa maisha ya watu. Kesi yako mwenyewe ipeleke kwa kadhi au kwa mwanasheria. Ukurasa huu hautoi hukumu.

## Misingi

1. Sharia na fiqhi ni kitu kimoja?

Hapana, ingawa kwenye mazungumzo tunavichanganya. Sharia ni njia aliyoiweka Mwenyezi Mungu katika Qurani na Sunna. Fiqhi, neno ambalo kwa Kiarabu lina maana ya kufahamu, ni juhudi ya wanazuoni kuisoma njia hiyo na kutoa humo hukumu za vitendo.

Chukua eda ya mwanamke aliyeachwa. Qurani (2:228) inasema angoje "quruu" tatu. Kwa Imamu Shafii na Imamu Malik, quru ni kipindi cha tohara baina ya hedhi mbili. Kwa Imamu Abu Hanifa, quru ni hedhi yenyewe. Aya ni moja, neno ni moja, lakini eda ya mwanamke huyo inaweza kupishana kwa siku nyingi kutegemea fakihi anayefuatwa. Anayekwambia "sharia imesema" katika jambo kama hili, muulize kwa adabu: sharia, au fakihi gani?

2. Je, Uislamu unazitambua mila za watu?

Unazitambua, na vitabu vya fiqhi vimeliandika jambo hili waziwazi. Miongoni mwa kanuni kuu 5 ambazo wanazuoni huzijengea fiqhi nzima, mojawapo ni *al-ada muhakkama*: ada hufanywa hakimu. Suyuti, mwanachuoni wa Kishafii aliyefariki mwaka 911 Hijria (1505), aliifungulia mlango wake kamili. Waturuki wa dola ya Uthmania walipoiandika sheria yao ya madai, Mejelle, baina ya 1869 na 1876, waliiweka kuwa kifungu cha 36.

Dalili inayotajwa sana ni hadithi ya Hind binti Utba iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Alimshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, ni bahili na hampi matumizi ya kumtosha yeye na mwanawe. Mtume akamwambia achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na mwanawe *bil-maaruf*, yaani kwa kadiri inayojulikana na watu. Hakumtajia dirhamu kumi wala ishirini. Kadiri ya nafaka, yaani matumizi ya mke na watoto, iliachiwa desturi, na ndiyo maana hadi leo nafaka ya mke wa Lamu haihesabiwi kama ya mke wa Muscat.

Mafakihi walifika hadi kwenye mambo madogo kabisa. Umempelekea fundi kitambaa akushonee kanzu, na hamkutaja uzi utatoka kwa nani. Nawawi (aliyefariki 676 Hijria, 1277) katika *Minhaj* yake anarudisha jibu kwenye ada ya watu. Kitabu hicho ndicho kilichokuwa mezani kwa makadhi wa pwani kwa karne nyingi, na ndani yake desturi ya mafundi cherehani ina nafasi yake.

Kuhusu maneno: mila, desturi na ada tunayatumia kwa maana zinazokaribiana. Urfu ni neno la kitaalamu la desturi ambayo fiqhi inaitazama inapotoa hukumu.

3. Basi mila yoyote inafaa?

La. Wanazuoni wameweka masharti: isigongane na matini ya wazi ya Qurani au Sunna, iwe imeenea kwa watu, si ya nyumba mbili tatu, iwepo wakati mkataba unafungwa, maana ada ya leo haihukumu makubaliano ya jana, na wahusika wasiwe wamepatana kinyume chake. Inayotimiza masharti huitwa urfu sahihi, inayoyavunja huitwa urfu fasidi.

Imamu Shafii mwenyewe (aliyezaliwa Gaza mwaka 150 Hijria na kufariki Misri 204) hakuuhesabu urfu kuwa chanzo cha hukumu kinachojitegemea. Misingi yake ni Qurani, Sunna, ijmaa (makubaliano ya wanazuoni) na kiyasi (kulinganisha jambo na jingine lenye hukumu). Watu hupenda kusema kwamba alibadili madhehebu alipohamia Misri kwa sababu alikuta mila mpya, na ndipo tukapata kauli ya kale na kauli mpya. Maelezo hayo yanavutia, lakini hayatoshi: mengi aliyoyabadili aliyabadili kwa kupima upya dalili za hadithi na kiyasi.

4. Kwa nini pwani yetu ni ya Kishafii?

Kwa sababu ya bahari. Mafungamano yetu ya zamani na Yemen na Hadhramaut, nchi za Kishafii, yalileta wafanyabiashara, masharifu na walimu kwa majahazi yaleyale. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliwakuta watu wa Mombasa na Kilwa wakifuata madhehebu hayo tayari. Maalbusaidi, ukoo wa masultani waliotoka Oman, walikuwa Maibadhi, madhehebu yaliyo nje ya yale manne, lakini hawakuwalazimisha raia kuwafuata. Unguja ikawa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii, kila mmoja na watu wake.

## Kadhi na mahakama

5. Kadhi na mufti wanatofautianaje?

Mufti hujibu swali. Fatwa yake ni elimu, nayo haimfungi aliyeuliza kwa nguvu ya dola. Kadhi husikiliza pande mbili, hutaka ushahidi, na hukumu yake hutekelezwa. Mtu mmoja anaweza kuzibeba kazi zote mbili, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa.

Jambo jingine linalosahauliwa ni kwamba hata zamani kadhi hakuhukumu kila kitu. Ibn Battuta ameeleza baraza la Mogadishu: mambo ya sharia alikata kadhi, na mengineyo yakaenda kwa mawaziri na maamiri. Mgawanyo wa kazi kati ya sharia, mila na serikali hatukuletewa na mkoloni peke yake.

6. Kwa nini Kenya ina mahakama za kadhi ndani ya Katiba, na Tanzania Bara haina?

Kwa Kenya, jibu liko kwenye ukanda wa maili 10. Makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1886 yalimwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa pwani, na mwaka 1895 Uingereza ikaanza kuuendesha kwa jina lake. Bendera ilikuwa ya Sultani, na makadhi, maliwali na mamudiri (maofisa wa utawala wa Sultani) wakabaki kazini. Uhuru ulipokaribia, likazuka swali zito: ukanda urudi Zanzibar, ujitenge, au uingie Kenya? Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Mohammed Shamte, mawaziri wakuu wa Kenya na Zanzibar, wakaandikiana barua. Ukanda uliingia Kenya, na moja ya ahadi ilikuwa kwamba mahakama za kadhi zitalindwa.

Ahadi hiyo iliingia kwenye katiba ya uhuru, na leo iko katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010. Mipaka yake ni finyu kuliko watu wanavyodhani: hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, wahusika wote wawe Waislamu, na wote wakubali kusikilizwa hapo. Asiyeridhika hukata rufaa Mahakama Kuu.

Tanganyika nayo ilikuwa na mahakama za kadhi na liwali, hasa pwani. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya 1963 ilifuta mfumo huo ili nchi iwe na ngazi moja ya mahakama. Sheria ya Kiislamu yenyewe haikufutwa: hakimu wa kawaida, ambaye huenda si Muislamu, ndiye anayeitumia katika ndoa, mirathi na wakfu za Waislamu. Malalamiko yanayosikika hadi leo yanatoka hapa, na yana uzito. Mirathi ni fani ya miaka ya masomo, na haki ya mjane haifai kutegemea kama hakimu amebahatika kupata mzee wa baraza anayeijua.

7. Na Zanzibar?

Makadhi wapo na ni sehemu ya mahakama za serikali. Sheria ya makadhi ya 1985 ilirithiwa na Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017, ambayo pia imegusa suala la mali iliyochumwa na wanandoa kwa mchango wa wote wawili. Kwa mama aliyelima karafuu au aliyepika maandazi ya kuuza miaka ishirini, hilo si dogo.

## Ndoa na talaka

8. Mahari ni ya nani? Na mkaja, kilemba na kiingilia mlango je?

Mahari ni ya bibi harusi, yote. Qurani (4:4) inawaamrisha waume wawape wanawake mahari yao. Baba hana fungu humo, wala mjomba, wala kaka aliyesomesha.

Kilemba cha baba, mkaja wa mama na kiingilia mlango ni ada. Zikitolewa kwa ridhaa, kama heshima kwa wazee waliomlea, hazina ubaya. Mama kupewa mkaja kwa kukumbukwa kitambaa alichojifunga tumboni baada ya kuzaa ni jambo zuri. Zinaharibika zinapogeuzwa bei, hata nikaha ikaahirishwa kwa kuwa kilemba hakijatimia, au mahari ya binti ikapunguzwa ili ada za wazee zitimie. Hapo mila inakula haki ambayo matini imeitaja kwa jina la mwenyewe.

Tena ada hiyohiyo inamlinda binti kwa upande mwingine. Mahari isipotajwa kwenye nikaha au ikitajwa kwa namna isiyosihi, hustahiki mahari ya mithili, inayopimwa kwa walichopewa wanawake wa upande wa baba yake walio mfano wake. Kadhi hapo haulizi kitabu tu; anawauliza shangazi.

Mahari iliyobaki bila kulipwa ni deni. Mume akifa, hutolewa kabla mirathi haijagawanywa (tazama swali la 11).

9. Mume akitamka talaka tatu kwa mpigo, zimepita ngapi?

Kwa jumhuri, yaani wengi wa wanazuoni, wakiwemo maimamu wanne, tatu. Hapana rejea, na hawezi kumwoa tena mpaka mwanamke aolewe na mume mwingine ndoa ya kweli na kuachana naye. Ibn Taymiyya na waliomfuata walisema ni moja. Hoja yao ni hadithi ya Ibn Abbas katika Sahih Muslim, kwamba talaka tatu zilihesabiwa moja zama za Mtume, za Abubakar, na miaka miwili ya mwanzo ya Umar, kisha Umar akazipitisha tatu watu walipozoea haraka. Misri iliichukua rai hiyo katika sheria yake ya 1929, na nchi kadhaa zikafuata.

Makadhi wetu kwa kawaida hushikamana na jumhuri. Ikiwa limewafika, nendeni kwa kadhi wote wawili kabla ya kuendelea kuishi pamoja, na mume aseme ukweli wa alichotamka.

10. Mke anaweza kudai kuachwa?

Anaweza, kwa njia zaidi ya moja. Khului ni kujivua kwa kutoa kitu, mara nyingi kurudisha mahari, na mume akubali. Faskhi ni kadhi kuivunja ndoa kwa sababu inayokubalika, kama mume kushindwa kutoa nafaka. Na kuna wasuluhishi wawili wa Qurani (4:35), mmoja wa kwao na mmoja wa kwake.

Watafiti waliokaa vikao kwa vikao katika mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi miaka ya 1980 na 1990 walikuta kwamba wengi wa wanaofungua kesi ni wanawake, na kwamba mara nyingi hushinda. Dada anayeogopa mlango wa kadhi kwa kuambiwa ni mahakama ya wanaume, na alijue hilo.

Tanzania Bara njia ni ndefu zaidi: Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka shauri lipite kwanza kwenye bodi ya usuluhishi. Bodi ikithibitisha kwamba imeshindwa kuwapatanisha, na baadaye talaka ikatolewa Kiislamu, mahakama huitambua kuwa ndoa imevunjika na hutoa amri ya talaka. Msiishie kwenye karatasi ya sheikh. Bila amri ya mahakama, mtakwama kwenye mali na malezi.

## Mirathi

11. Mali ya marehemu inagawanywaje?

Kwanza gharama za mazishi. Pili madeni, pamoja na mahari isiyolipwa. Tatu wosia, usiozidi theluthi moja, na usiwe kwa mrithi ila warithi wengine waridhie. Kinachobaki ndicho mirathi.

Mfano: mwanamume ameacha mke, mama, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, na baada ya madeni imebaki shilingi 24,000,000. Mke ana thumuni, 3,000,000. Mama ana sudusi, 4,000,000. Zilizobaki 17,000,000 ni za watoto, wa kiume mafungu mawili na wa kike moja: kila mwana 6,800,000 na binti 3,400,000. Asiyeridhika na hesabu anaweza kuirudia kwa kalamu yake.

Hisa zikizidi mali nzima, hupunguzwa zote kwa uwiano. Hiyo ndiyo auli. Imepokewa kuwa Ali bin Abi Talib aliulizwa akiwa juu ya mimbari kuhusu mtu aliyeacha mke, binti wawili na wazazi wawili. Mafungu yanafika 27 juu ya 24. Akajibu papo hapo kwamba thumuni ya mke imekuwa tusui, yaani moja ya tisa, na akaendelea na hotuba.

12. Kwetu tunaambiwa mwanamke harithi shamba. Ni sharia?

Si sharia. Qurani (4:7) imewapa wanawake fungu katika walichoacha wazazi na jamaa, "kiwe kidogo au kingi". Haikutoa shamba, nyumba wala minazi. Madhehebu yote manne yameafikiana kuwa binti hurithi ardhi kama anavyorithi fedha.

Swali hili limenikalia moyoni, kwa sababu wanaoitekeleza mila hii huvaa kanzu. Kwenye hisa ya mwana maradufu husema "ni amri ya Mungu". Kwenye shamba la binti husema "ni mila ya ukoo". Dada hushawishiwa asamehe haki yake kabla hata hajaambiwa ni ekari ngapi. Msamaha wa mtu asiyejua anachosamehe si msamaha. Kwanza agawiwe na akabidhiwe, kisha akipenda kumpa kaka yake, ni yake kutoa.

13. Koo zinazorithi kwa upande wa mama je? Wadigo, Wangazidja?

Hapa ndipo jambo linaponoga, na wenye jibu la neno moja mara nyingi hawajakaa na watu hao.

Kwa Wadigo wa Kwale na Tanga, mila ya zamani ilipeleka mali kwa mpwa, mtoto wa dada. Walipoingia katika Uislamu, mwana akasimama mbele ya kadhi akidai cha baba, na mpwa akasimama mbele ya wazee akidai cha mjomba. Wababa wengi walitafuta njia ya kati kwa kuwapa watoto minazi kwa hiba wangali hai. Hiba iliyokabidhiwa si mirathi tena, na mpwa hana la kudai.

Ngazidja, kwenye Visiwa vya Komoro, kuna *manyahuli*: ardhi na nyumba za ukoo zinazopita kwa wanawake, mama hadi binti. Ni watu wa Shafii, na *Minhaj* ya Nawawi ni kitabu cha makadhi wao, lakini mume anahamia nyumba ya mke. Wanaoitetea wanasema mali hiyo haikuwa milki ya mtu mmoja, kwa hiyo mtu akifa haachi kitu humo cha kurithiwa. Wanaoipinga wanasema Qurani haikuacha mali nje ya mafungu.

Mjadala huohuo, kwa fiqhi hiyohiyo, umechoma Waminangkabau wa Sumatra, Indonesia. Ahmad Khatib, aliyekuwa imamu na mwalimu wa Kishafii Makka hadi kufa kwake 1916, alikataa katakata mali kupita kwa wapwa. Mwanafunzi wake, Abdul Karim Amrullah, akaona mali kongwe ya ukoo inafanana na wakfu: haiuzwi, hairithiwi, hutumiwa tu. Mwaka 1952 wazee wa mila na maulamaa walikutana Bukittinggi wakaafikiana kwamba alichochuma mtu mwenyewe kigawanywe kwa faraidhi, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu, na mali kongwe ifuate mila. Kwa maoni yangu, kupambanua baina ya cha ukoo na cha jasho la mtu ndiyo njia yenye haki, mradi isitumiwe kuficha cha jasho ndani ya cha ukoo.

14. Wakfu wa ukoo unakubalika?

Katika fiqhi ya Shafii, ndiyo: mtu huifunga nyumba kwa ajili ya kizazi chake, na mwisho wake iende kwa jambo la kheri. Koo nyingi za pwani zilifanya hivyo ili nyumba zisikatwe vipande. Majaji wa Baraza la Faragha huko London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, waliwahi kuukataa kwenye kesi ya Bara Hindi mwaka 1894, kwa kuona si sadaka ya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakalirudia hilo kwenye kesi iliyotoka Kenya. Sheria ya wakfu ya Kenya ya 1951 ilikuja kuuhalalisha. Majaji wasioijua milango ya madhehebu waliivunja nia ya marehemu kwa kipimo cha sadaka ya Kiingereza, na hasara ikabaki kwa wajukuu.

## Mambo ya pembeni

15. Marehemu alikuwa Muislamu lakini aliishi kimila. Tanzania Bara mahakama itatumia sheria ipi?

Mahakama hutazama mtindo wake wa maisha na nia yake: aliswali, alioa vipi, alisema nini au aliandika nini kuhusu mali yake. Jina la Kiislamu peke yake halitoshi. Andika wosia ulio wazi, ushuhudiwe, ukitaja sheria unayotaka ifuatwe, usiwaachie wanao kubishana juu ya swala zako.

16. Mtoto wa nje ya ndoa hurithi kwa baba?

Katika fiqhi, jumhuri wanasema harithi kwa baba ila kwa mama. Baba anaweza kumpa hiba, au wosia ndani ya theluthi, kwa kuwa si mrithi. Kenya, Mahakama ya Juu mwaka 2025 iliamua kwamba watoto wa namna hiyo wasinyimwe urithi wa baba Muislamu, ikitegemea usawa wa kikatiba, na mjadala kati ya wanazuoni na wanasheria ungali moto.

17. Hitima, arubaini na maulidi: dini au mila?

Wanazuoni wetu wenyewe wamegawanyika. Huko Lamu, Msikiti wa Riyadha umekuwa kitovu cha maulidi tangu zama za Habib Saleh. Mombasa, Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiswahili miaka ya 1930 akiwaonya watu dhidi ya israfu za sherehe. Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu miaka mingi baadaye, alikuwa mkali zaidi juu ya uzushi. Wote walikuwa Mashafii.

Katika chakula cha msiba, hata hivyo, kuna lisilo na mabishano. Sunna ni majirani kuwapikia wafiwa: Mtume aliagiza familia ya Jaafar ipikiwe, kwa kuwa msiba ulikuwa umewashughulisha. Na hata anayeona arubaini inafaa, hakubali mchele na mbuzi wake vinunuliwe kwa mali ya marehemu kabla haijagawanywa, ikiwa miongoni mwa warithi kuna mtoto mdogo. Fungu lake limo kwenye sufuria ile, na hana umri wa kutoa idhini.